Kuwa mwanaume katika Malemba-Nkulu: ni nini jamii inaomba watoto wanaume, na ni bei gani wanalipa

Katika vijiji vya kandokando ya Lualaba, mutoto mwanaume anasikia neno moja mbele hata ajue kusoma: "Acha kulia, weye uko mwanaume." Analisikia akianguka, akifiwa, akilala njaa. Akifika miaka 12 ao 13, neno linabadilika: "Wenzako wanaleta kitu ku nyumba, weye unaleta nini?" Akifika miaka 20: "Uko na nini? Utaoa lini?" Wenye kusema vile mara mingi ni watu wenye kumupenda: mama, mujomba, nkambo, yaya yake. Lakini ukipanga yale maneno moja nyuma ya ingine, yanakuwa sawa sheria tatu: usionyeshe maumivu, leta makuta, usiogope.

Makala hii inaeleza zile sheria tatu zinatoka wapi, zinafanya nini katika maisha ya vijana wa teritware ya Malemba-Nkulu na jimbo lote la Haut-Lomami, na sheria ya inchi inasema nini juu yake.

Kuzaliwa mwanaume na kuitwa mwanaume

Ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni mwili. Cha pili ni hukumu ya watu, na watu wanaweza kuitoa leo na kuirudisha kesho. Musichana, mwili wake ukibadilika, watu wanasema amekomaa, maneno imeisha. Kijana yeye anaombwa kuhakikisha tena na tena: kwa kazi, kwa makuta, kwa kuoa, kwa kuzaa, wakati mwingine kwa kupigana. Kijana mwenye umri wa miaka 25 bila kazi na bila bibi anaendelea kuitwa "mutoto" katika mukutano wa jamaa, na neno lake halibebe uzito.

Wenye kusoma mambo ya jamii wamechunguza ile hukumu katika inchi nyingi. Raewyn Connell wa Australia alionyesha katika kitabu chake cha 1995 kama hakuna namna moja tu ya kuwa mwanaume. Kila jamii iko na namna mingi, lakini moja inawekwa juu ya zingine, na wanaume wengi wanapimwa nayo hata kama wao wenyewe hawawezi kuifikia. Katika Malemba-Nkulu, ile kipimo ya juu inajulikana: mwenye nyumba, mwenye bibi na watoto, mwenye kulisha, mwenye haogope. Shida ni kwamba kipimo imebaki, na njia za kuifikia zimefungwa.

Mutoni, ku shimo, juu ya kinga

Kazi ndiyo mahali pa kwanza penye kijana anapimwa. Katika bonde la Upemba kazi za vijana zinajulikana: kuloba samaki katika Lualaba na maziwa yake, kulima, kuchoma makala, kusukuma kinga yenye kubeba mizigo, kuendesha moto ya kubeba watu, kuchimba mawe ya kasiteriti. Kuisaidia jamaa si mubaya. Mutoto mwenye anajifunza kutengeneza nyavu na baba yake siku ya posho anapata akili ya maisha. Hatari inaanza pale kazi inakamata nafasi ya masomo, na pale mutoto anatumwa mahali penye hata mutu mukubwa anaogopa: mutumbwini usiku, katika maji ya mamba, ao ndani ya shimo lenye halina miti ya kulishikilia.

Kuna jambo lenye wazazi wengi hawaangalie. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutia katika matendo masomo ya bure katika shule za musingi za serikali, kufwatana na kifungu 43 cha Katiba ya 2006. Lakini mutoto akiingia sekondari, jamaa mingi zinaanza tena kulipa minervali na vifaa. Ule ni umri uleule wenye anaanza kuulizwa "unaleta nini?" Basi vitu viwili vinamuangukia mara moja: shule inaomba makuta, na nyumba pia inaomba makuta. Akikaa shuleni ni muzigo. Akitoka ni mwanaume. Wengi wanatoka, na hakuna mwenye anasema wamefukuzwa. Watu wanasema tu: "Yule sasa amejua kujitafutia."

Kwa mutoto mukubwa wa nyumba yenye baba amekufa, muzigo ni mara mbili. Siku ya matanga anaambiwa mbele ya watu: "Sasa weye njo baba wa hawa." Ni neno la kumupa moyo. Lakini mutoto wa miaka 14 halichukue kama kitia-moyo tu, analichukua kama amri, na asubuhi yenye kufwata anatafuta kazi.

Sheria ya inchi inasema wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kuandika mutoto kazi mbele ya miaka 16, na inakataza kazi zenye kuharibu afya na maisha kwa kila mwenye hajafika 18. Kanuni ya madini, ile ya 2002 yenye ilirekebishwa mwezi wa Machi 2018, inatoa karte ya krezeri kwa watu wazima tu. Mutoto mwenye kuwa ku shimo hana karte, na mwenye shimo anajua.

Baba wa mushahara alitoka wapi?

Watu wengi wanasema: "Tangu mababu, mwanaume njo mwenye kulisha." Historia ya Katanga inaonyesha kama si vile kabisa. Mbele, katika vijiji vya Waluba, chakula kilitoka kwa mikono ya wote: wanamuke walilima na kutengeneza, wanaume walifyeka, waliwinda na kuloba. Hakukuwa mutu mumoja mwenye alibeba nyumba nzima kwa makuta ya mufuko wake.

Ule baba wa mushahara alijengwa kwa sehemu kubwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na ilikuja kuandika vijana katika vijiji vingi, hata vya huku Lomami. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliacha kuchukua wanaume peke yao kwa muda mufupi, ikaanza kuwaweka katika kambi pamoja na bibi na watoto. Mufanyakazi alipata mushahara, nyumba, na posho ya chakula yenye ilihesabu bibi na kila mutoto. Mama alibaki nyumbani. Baba alirudi na posho. Njo pale picha ya "mwanaume kamili" ilitengenezwa, na wenye kurudi kijijini kupumuzika waliileta huku.

Kisha kampuni ikaanguka. Gécamines, yenye ilifwata Union Minière, ilipoteza nguvu katika miaka ya 1990, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka katika mupango wenye uliitwa "kuondoka kwa kupenda". Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa katika 2001 kitabu juu ya zile jamaa, na jina lake linasema yote: *Bana Shaba abandonnés par leur père*, ni kusema, bana Shaba waliachwa na baba yao. Baba mwenyewe wa kambi alikuwa kampuni. Siku kampuni iliacha, baba wa nyumba alibaki na cheo bila posho, na mama njo aliingia sokoni kulisha watoto.

Kijana wa leo anaombwa kuwa kama yule baba wa kambi, bila kambi, bila mushahara, bila posho.

Mali ya ndoa

Kipimo ingine ni mali, ile wengi wanaita dote. Kwa maana yake ya zamani, mali inaunganisha jamaa mbili na inaonyesha heshima kwa wazazi wa musichana. Siku hizi liste inaweza kuandikwa kwenye karatasi: makuta, mbuzi, ngwo ya baba, ngwo ya mama, vyombo, wakati mwingine na vitu vya duka vyenye kijana hajapata kushika maisha yake yote. Kijana mwenye hana anabakiwa na njia tatu: kungojea miaka mingi na kuchekwa, kuenda mbali kutafuta makuta ku machimbo, ao kupa musichana mimba na kukamatwa na jamaa yake, ambapo deni linapanda.

Sheria ya jamaa ya 1987, yenye ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kifungu 361 kama ndoa haiwezi kufungwa kama mali haijatolewa hata kwa sehemu. Lakini kifungu kilekile kinaongeza kama mali inaweza kuwa ya alama tu. Maana yake: mbele ya sheria, mbuzi mumoja wenye jamaa mbili wamesikilizana juu yake inatosha. Wazazi wenye kupunguza liste hawavunje sheria wala mila. Ile sheria inakataza pia kuoa ao kuoza mutu mwenye hajafika miaka 18, awe musichana ao kijana.

Bunduki, mawe, na "onyesha kama uko mwanaume"

Katika Malemba-Nkulu hakuna lazima ya kueleza Mai-Mai kwa muda murefu. Katika miaka ya 2000, Malemba-Nkulu, Mitwaba, Manono na Pweto ziliteketea. Vijiji vilichomwa na maelfu ya watu walikimbilia vichakani na mijini. Gédéon Kyungu Mutanga, mwenye kujulikana zaidi kati ya wakubwa wa Mai-Mai wa Katanga, alijisalimisha Mitwaba mwezi wa Mei 2006. Mahakama ya kijeshi ilimuhukumu kifo Kipushi mwezi wa Machi 2009, na katika Septemba 2011 alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi.

Watoto wanaume waliingia katika makundi yale kwa njia mbalimbali. Wengine walikamatwa kwa nguvu. Wengine waliingia kwa sababu walikuwa wameona jamaa yao inauawa. Wengine waliingia kwa sababu kundi liliwapa kile kijiji hakikuwapa: jina, silaha, dawa yenye walisema inazuia risasi, na watu wenye kuwaogopa. Kwa mutoto mwenye kuitwa "hana maana" kila siku, ile ni zawadi kubwa. Sheria ya 2009, katika kifungu 187, inapanga kifungo cha miaka 10 mpaka 20 kwa mwenye kuingiza mutoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi ao kundi la silaha. Kanuni za Paris za 2007, zenye inchi nyingi zilikubali, zinasema mutoto mwenye alitoka katika kundi ahesabiwe kwanza kama mwenye alitendewa mubaya. Lakini kijijini wengi walirudi na kukuta jina lingine likiwangojea: "muuaji".

Ile hatari haikuishia na Mai-Mai. Mwezi wa Novemba 2023, hapa Malemba-Nkulu, kijana mumoja mwenye kuendesha moto aliuawa. Nyuma yake, watu wenye asili ya Kasai walishambuliwa, na wengine waliuawa, hata wanamuke. Picha zake zilizunguka ku matelefone katika inchi nzima. Chuki kati ya jamaa iko na sababu zake nyingi, na tribinali njo yenye kusema nani alifanya nini. Lakini kila mutu mwenye alisimama karibu na kundi la hasira anajua namna inaendeshwa: mwenye kuokota jiwe anashangiliwa, mwenye kusema "tungojee polisi" anaulizwa kama uko mwanamuke. Kama woga ni haya kubwa kuliko kosa, ni vigumu kijana kurudi nyuma.

Katika jimbo hilihili, huko Kaniama-Kasese, Service national inapokea tangu 2020 vijana wenye kukamatwa Kinshasa kama kuluna, na kuwafundisha kulima mahindi na kujenga. Wengine wanasifu ile kazi. Watetezi wa haki wanauliza kama ni sawa kupeleka vijana vile bila tribinali kuwahukumu. Lakini ukweli mumoja unaonekana: kijana alingojewa mpaka akamate mupanga, njo watu walikumbuka kumupa kazi.

Kunyamaza kunaua

Sheria ya "usionyeshe maumivu" inaonekana muzuri zaidi ku kituo cha afya, kwa watu wenye hawafike pale. Zone za afya za kandokando ya Lualaba zinajua kolera tangu miaka mingi. Kolera inaweza kuua mutu kwa saa chache kama hapewe maji na chumvi upesi, na mwenye kusema "nitavumilia mpaka asubuhi" anaweza asione asubuhi. Kwa ukimwi ni vile vile: ONUSIDA inaonyesha kama katika Afrika ya kusini ya Sahara wanaume wenye virusi wanakunywa dawa kwa kiasi kidogo kuliko wanamuke. Wanamuke wanapimwa wakiwa na mimba. Mwanaume hakuna siku yenye inamupeleka.

Kuna maumivu yenye yanafichwa zaidi. Watoto wanaume na vijana wanaweza pia kutendewa kwa nguvu mambo ya kimwili, wakati wa vita ao katika amani, na mutu mugeni ao wa jamaa. Tangu sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, inchi inatambua kama mwanaume pia anaweza kuwa mwenye alibakwa, na mwenye alifanya vile anaazibiwa sawasawa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafanya kazi kama mutu anazianza mbele ya saa 72. Kijana mwenye kunyamaza siku tatu kwa sababu ya haya anapoteza ile nafasi.

Na kuna huzuni. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaonyesha kama katika dunia wanaume wenye kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanamuke. Huku kwetu huzuni ya mwanaume mara mingi inaitwa kwa jina lingine: lutuku. Mutu anakunywa asubuhi, watu wanasema ni mulevi, na hakuna mwenye anauliza alianza lini na alikuwa amepoteza nini.

Wanamuke wanalipa deni la haya

Mwanaume mwenye kuona kama ameshindwa kulisha anaweza kutafuta heshima kwa njia moja yenye imebaki: nguvu nyumbani. Katika 2012 mashirika Promundo na Sonke Gender Justice yalitoa uchunguzi wenye ulifanywa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, pamoja na wanaume na wanamuke. Wanaume wengi walisema wanasikia haya kuangalia jamaa yao kwa sababu hawawezi kuwatimizia mahitaji. Ile haya haiondoe kosa la mwenye kupiga bibi. Wanaume wengi ni maskini na hawapige. Lakini inaonyesha mahali pa kuanzia. Nyuma ya uchunguzi kama ule, vikundi vya mazungumzo vya wanaume, kama vile vya Living Peace, vilianza katika mashariki: wanaume wanakaa pamoja mara kwa mara, wanasema walipita wapi na wanafanya nini nyumbani, na wanarudi kueleza kama wamebadilika.

Sheria ya jamaa inaendelea kuita bwana mukubwa wa nyumba. Lakini haisemi alipe yote peke yake: bwana na bibi wanachangia mahitaji ya nyumba, kila mutu kadiri ya uwezo wake. Mwanaume mwenye bibi yake anauza samaki na kulipa minervali hajapoteza kitu mbele ya sheria.

Kalala Ilunga alikimbia

Wengine watasema maneno haya ni ya wazungu, mila yetu inaomba mwanaume awe mukali. Basi waangalie masimulizi yenyewe ya ufalme wa Waluba. Nkongolo Mwamba njo mwenye nguvu ya mukono: anakunywa, anacheka ovyo, anaua. Mbidi Kiluwe, muwindaji mwenye alitoka mashariki, ni mutu wa kujizuia, mwenye anakula kwa siri na kusema kwa kipimo. Watu hawakujifunza ufalme kwa Nkongolo, walijifunza kwa Mbidi.

Na Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, alifanya nini siku Nkongolo alimuchimbia shimo chini ya kiwanja cha ngoma? Alionywa, na alisikia. Alipima udongo kwa mukuki wake, akaona shimo, akaruka, na akakimbia mpaka ng'ambo ya Lualaba. Nyuma yake njo alirudi na kushinda. Hakuna nkambo hata mumoja mwenye anamuita mwoga. Katika ufalme uleule, roho ya mfalme mwenye amekufa ilikaa katika mwili wa mwanamuke, mwenye kuitwa Mwadi, na viti vingi vya wafalme vilichongwa vikibebwa na sura ya mwanamuke.

Mila iko na mambo mengi, na kila kizazi kinachagua yenye kinafundisha watoto.

Mahali pa kuanzia

Ku nyumba: mutoto mwenye kufiwa aachwe alie, na asipewe cheo cha baba siku ya matanga. Wajomba na baba wakubwa njo wenye umri wa kubeba ile.

Ku shule: mbele ya mutoto kutoka, mwalimu na komite ya wazazi waite jamaa na kuuliza kama ni makuta yenye imekosa, na kama kuna namna ya kulipa pole pole.

Ku mukutano wa mali: shefu na wazee wako na uwezo wa kupunguza liste. Kifungu 361 kiko upande wao.

Ku kituo cha afya: kijana mwenye kuhara maji maji afike palepale, bila kungojea asubuhi. Kijana mwenye alitendewa kwa nguvu afike mbele ya saa 72. Munganga ana lazima ya kuchunga siri.

Na mwenye kuona mutoto katika shimo ao katika kundi la silaha anaweza kupeleka habari kwa polisi, kwa afisi ya mambo ya jamii ya teritware, ao kwa tribinali ya watoto pale iko. Kama anaogopa kwenda peke yake, aende pamoja na mwalimu, pasta, padri, shehe ao shefu wa kijiji.